Mungu Alikuwa Porini Kabla Yetu

Fungueni Biblia katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, mstari wa 25 mpaka wa 27. Wekeni kidole hapo. Kidole cha pili kiwe katika Zaburi ya 104. Tutahitaji pote pawili.

Katika mwezi wa saba tulitumwa kuwatembelea waamini walio ng'ambo ya Mambasa, kwenye barabara ya taifa namba 4, upande wa Epulu, na kutoka hapo kuingia porini kwa miguu. Tulikuwa watu wanne: wachungaji wawili, mwinjilisti mmoja na mama shemasi mmoja. Siku ya kuaga, ndugu wa hapa mjini walitushika mkono kana kwamba tumefiwa. Mmoja akasema, "Poleni sana, mnaenda mahali pa giza." Mama mwingine akatuletea chupa ya mafuta ili tujipake kila jioni, sababu alisikia kwamba kule pepo wanakaa juu ya miti. Tulimshukuru, maana alitoa kwa upendo. Lakini njia nzima tulikuwa tukiwaza: hawa ndugu zetu wanaamini kwamba mkono wa Mungu unafika wapi? Unaishia Komanda?

Sasa soma pale penye kidole cha kwanza. Ayubu amelia, amebishana, amedai jibu. Mungu anapokuja kujibu, hamwelezi habari ya vidonda vyake. Anamchukua na kumtembeza. Anamwuliza juu ya theluji, nyota, simba, kunguru, mbuzi wa mwamba anayezaa bila mkunga. Na katikati anamwuliza juu ya mvua: ni nani aliyeichimbia mfereji ili inyeshe mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja? Juu ya Ayubu tumekwisha kusikia mahubiri mengi, ya vidonda vyake na ya ng'ombe waliorudishwa maradufu. Juu ya mvua hii, machache sana. Nayo ni mvua ya ajabu. Hakuna mkulima wa kuishukuru, hakuna shamba la kuvuna, hakuna atakayeleta fungu la kumi. Bado Mungu anaituma, na majani mabichi yanaota, naye anapendezwa.

Tulielewa andiko hilo vizuri zaidi siku ya tatu, tulipoacha barabara. Kando ya barabara pori bado halionekani. Unaona migomba, mihogo, kakao, vibanda vya mbao, pikipiki zilizobeba watu watatu na mbuzi. Ukitembea saa mbili ndani, mambo yanabadilika. Tuliingia mahali penye mti ambao wenyeji wanauita mbau, nao umesimama karibu peke yake kwa eneo kubwa, mbau baada ya mbau, vigogo vinene vinavyopanda mpaka shingo inakuuma kutazama. Jua halifiki chini vizuri. Saa sita ya mchana ilikuwa kama saa kumi na mbili ya jioni. Chini ni peupe, unaweza kutembea bila panga, majani makavu yanalia chini ya mguu, na hewa ni baridi kama ndani ya nyumba ya matofali. Hondohondo akipita juu, unasikia mabawa yake kabla hujamwona. Mama shemasi alisimama, akavua kitambaa cha kichwa akajifuta jasho, akasema polepole, "Hapa mtu hawezi kupiga kelele." Na ninyi mnajua jinsi sisi Wapentekoste tunavyopenda kupiga kelele.

Kijana aliyetuongoza, Mumbuti wa miaka labda ishirini, aliinama akatuonyesha alama ya kwato kwenye udongo mweusi. Akasema, "Okapi. Alipita kabla ya mvua ya alfajiri." Tukauliza amejuaje. Akatuonyesha vitone vya mvua vilivyoangukia ndani ya ile alama. Kisha akatuonyesha mti mdogo uliotafunwa majani kwa juu, mahali ambapo mbuzi hafiki. Okapi mwenyewe hatukumwona, na wengi wanaokaa huko maisha yao yote hawamwoni mara nyingi. Anatembea peke yake, anasikia kuliko sisi, anaondoka.

Wengi wetu tunajua jina hilo kwa sababu ya Redio Okapi, iliyoanza mwaka 2002. Basi tumtaje na mnyama mwenyewe, kwa kuwa ni wetu. Ni ndugu wa twiga, mwenye shingo fupi zaidi, mwili wa rangi ya kahawia iliyoiva, na mistari myeupe kwenye mapaja na miguu. Ulimi wake ni mrefu hata anajilamba masikio. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, karibu miezi 14. Porini hayupo katika nchi nyingine yoyote duniani, ni Kongo tu. Wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kisayansi mwaka 1901. Wenyeji wa Ituri walikuwa wakimjua tangu babu za babu zao. Na kabla ya hao babu, Mungu alikuwa akimlisha kila asubuhi, akimnyeshea mvua, akizichora tena zile alama za miguu yake, na hakuna aliyepiga makofi.

Hiyo ndiyo mvua ya Ayubu 38, wapendwa. Tuliikanyaga.

Sasa turudi kwenye neno lile, "giza". Halikuanzia kwa ndugu yetu aliyetuaga. Mwaka 1887, tarehe 28 ya mwezi wa sita, Henry Morton Stanley aliondoka Yambuya kwenye mto Aruwimi na kuupita msitu huu huu, akafika kwenye ziwa Albert katika mwezi wa kumi na mbili. Wapagazi wake wengi walitoka Zanzibar, watu wa Kiswahili. Walikufa wengi sana, kwa njaa, kwa magonjwa, kwa mishale. Stanley alipoandika kitabu chake, mwaka 1890, aliweka neno giza kwenye jina la kitabu, na tangu hapo neno hilo limebandikwa juu ya pori letu kama lebo juu ya chupa. Lakini fikirini jambo hili: msafara ule wenye bunduki ulikuwa ukifa njaa chini ya miti ileile ambamo Bambuti walikuwa wakila, wakizaa, wakiimba. Giza lilikuwa machoni mwa nani?

Tulifika kambini jioni. Kambi ni vibanda tisa kwenye uwazi mdogo karibu na kijito. Wanawake ndio wajenzi. Tuliwatazama wawili wakimjengea mama shemasi mahali pa kulala: walichomeka fito ardhini kwa mduara, wakazikunja na kuzisuka juu, kisha wakachana vikonyo vya majani ya mangongo na kuyaning'iniza, jani juu ya jani, kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayeezeka vigae. Kazi hiyo haikuchukua muda wa ibada yetu moja ya Jumapili. Usiku mvua kubwa ilinyesha. Mama shemasi aliamka mkavu. Sisi wanaume tuliokuwa chini ya turubai tulilolinunua mjini, tena kwa franga nyingi, tuliamka tumelowa mpaka soksi.

Na usiku wenyewe! Zaburi ya 104 inasema jinsi Mungu alivyopanga zamu: jua likizama wanyama wa msituni wanatoka kutafuta chakula chao, likichomoza wanarudi na mtu anakwenda kazini. Mjini zamu hiyo hatuisikii, kwa sababu ya jenereta na muziki wa baa. Kule unaisikia. Kuna mnyama mdogo, pimbi wa miti, si mkubwa kuliko sungura, ambaye usiku anapiga kelele kama mtu anayenyongwa. Mwinjilisti wetu aliruka akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Watoto wa kambi walicheka mpaka wakalala chini. Mzee mmoja akamwambia kwa heshima, "Baba mwinjilisti, huyo anamwita tu mke wake."

Tunasimulia hilo ili tucheke kidogo, lakini ndani yake kuna jambo. Mtu asiyejua nyumba ya mwenzake atakemea hata paka. Wengi wanaohubiri kwamba pori limejaa mapepo hawajalala huko hata usiku mmoja.

Kulipokucha wakatupa asali. Ulikuwa msimu wake. Mwanaume anapanda mti mkubwa kwa kamba ya mmea, akiwa na shoka na kifurushi cha moshi, na sisi tunaokaa chini tunafunga macho kwa hofu. Asali inateremshwa ndani ya majani, ya moto bado, na nta na wadudu kidogo. Mnamkumbuka Yonathani katika 1 Samweli 14, aliyeonja asali msituni na macho yake yakapata nuru? Tulikula, macho yakapata nuru. Na Bwana wetu katika Luka 10 aliwaagiza wanafunzi wale kile watakachowekewa na wasihamehame nyumba. Hakusema waende na mkebe wao wa sardini. Kuna wahubiri, tumeambiwa na waamini wenyewe, waliofika kambini wakakataa sahani ya mwenyeji, wakapika pembeni, kisha wakafundisha juu ya upendo.

Tuseme sasa juu ya nyimbo, maana tunajua swali lenu. Bambuti wanaimba kwa namna ambayo hatujasikia kwaya yoyote ya mjini ikiimba. Hakuna mpiga solo mmoja na wengine wakijibu. Kila mtu ana kipande chake kidogo, huyu anaingia pale yule anapovuta pumzi, na sauti zinasukana kama wavu. Wanawake, wanaume, watoto, wote. Hakuna anayeonekana kuongoza na hakuna anayepotea. Colin Turnbull, Mwingereza aliyekaa nao karibu na Epulu katika miaka ya 1950, aliandika kwamba wanapopatwa na mabaya wanasema pori limelala, basi wanaliimbia usiku ili liamke na kufurahi, kwa maana wanaliita baba na mama.

Hapa tuseme wazi ili mtu asiende kusema kwamba wachungaji wamerudi wapagani. Sisi hatuliombi pori. Tunamwomba aliyeliumba. Mti haujasulubiwa kwa ajili yetu. Yesu ndiye aliyesulubiwa, juu ya mti. Mumbuti anayempokea Yesu anaacha kuliita pori baba, na wale waamini tuliokutana nao wanalijua hilo vizuri kuliko wengine wetu tunaoficha hirizi ndani ya pikipiki. Lakini kuimba ni kitu kingine. Namna ile ya kusukana sauti, nani aliwapa? Shetani hajawahi kuumba hata noti moja. Paulo kule Listra, katika Matendo 14, aliwaambia watu wasioijua Torati kwamba Mungu hakukaa kwao bila ushuhuda: mvua, majira ya mavuno, furaha moyoni. Hakuanza na matusi. Tulisikia waamini wa kambi wakimsifu Yesu kwa namna yao wenyewe, bila gitaa, bila kipaza sauti, saa nzima ndani ya giza, na mwenzetu mmoja ambaye halii kirahisi alilia. Kwa hiyo tunawashauri wale wanaowafundisha Bambuti nyimbo za mjini zenye sauti moja na kinanda cha betri: ngojeni kidogo. Sikilizeni kwanza.

Sasa tufike mahali panapouma.

Msitu huu wa Ituri una mali, na kila mtu anajua. Sehemu yake kubwa, karibu kilometa za mraba 13 700, ndiyo hifadhi ya okapi iliyowekwa mwaka 1992. Mwaka 1996 dunia iliitambua kuwa urithi wa wanadamu wote, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2012, katika mwezi wa sita, watu wenye silaha waliishambulia Epulu, wakaua watu, na wakaua okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Waliofanya hivyo walikuwa na bunduki. Lakini pori linamalizwa pia na watu wasio na bunduki, wenye shoka, wenye mashine za dhahabu, wenye mbegu za kakao, na Jumapili wengine wao wanakaa kwenye viti vya mbele. Mwanzo 2 inasema Mungu alimweka mtu bustanini ailime na aitunze. Maneno ni mawili. La kwanza tumelishika kwa mikono yote.

Na mshahara. Mwanamke wa Kimbuti anafagia kakao ya mtu wa kijijini tangu asubuhi mpaka jioni, na jioni anapewa kikombe cha chumvi, au kipande cha nguo iliyochoka, au, Mungu atusamehe, glasi ya pombe kali. Jirani yake asiye Mumbuti, kwa kazi ileile, analipwa franga. Tuliuliza sababu. Tuliambiwa, "Hawa hawajui kuhesabu." Lakini wanahesabu sikuzote: siku ambazo okapi amepita, miezi ya maua ya mti fulani, zamu za kugawa nyama ili hata mjane asiyekwenda mawindoni apate. Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo inafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kama una shamba upande wa Mambasa na umewaweka watu wa kulilima, sisi hatukutaji jina. Unajijua. Lipa.

Jambo la mwisho tuliloliona lilitokea katika kanisa moja dogo kando ya barabara. Viongozi walikuwa na daftari la washiriki, na siku tuliyofika walikuwa wakijadili kufuta majina 12, yote ya Bambuti. Kosa lao? Hawakuonekana kanisani kwa wiki saba. Walikuwa wapi? Kwenye asali. Wazee wa kanisa hawakuwa watu wabaya, waliona uchungu. Mmoja alisema, "Tumewafundisha miaka miwili, tukawabatiza mtoni, na mara tu maua yanapofunguka wanatuacha. Mkristo wa namna gani anaondoka na nyuki?" Mwingine akasema wajengewe nyumba za udongo kando ya barabara, ndipo watakapokuwa Wakristo wa kweli.

Tulikaa nao mpaka usiku. Tulifungua Hesabu 9. Israeli walipokuwa jangwani, wingu likisimama juu ya hema siku mbili, walikaa siku mbili. Likikaa mwezi, walikaa mwezi. Likiinuka, waling'oa vigingi na kuondoka. Nani alifuata nani? Vyombo vya hema vilikuwa na mapete na miti ya kubebea kwa sababu Mungu mwenyewe alikubali kusafiri. Hakuwaambia watu wake kwamba wokovu uko penye ukuta wa udongo tu. Basi tukawauliza wazee: hawa ndugu 12 wameliacha kanisa, au kanisa limekataa kwenda pamoja nao?

Tuliwakumbusha pia habari ya Apolo Kivebulaya, ambayo watu wa Boga hawajaisahau. Alizaliwa Uganda. Alikuwa Mwanglikana, si mmoja wetu, lakini tungefurahi kumkopesha mimbari. Alifika Boga mwaka 1896, akapigwa, akafungwa, akarudi tena, na katika uzee wake alikuwa akiingia porini kwa miguu kuwatafuta Bambuti kambini mwao, akila na kulala kwao. Alikufa mwaka 1933. Aliomba azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ilikuwa bado kule.

Mzee wa daftari alinyamaza muda mrefu. Kisha aliuliza swali la kazi: "Sasa kwenye safu ya mahudhurio niandike nini?" Tulishauriana. Aliandika herufi A mbele ya majina yote 12, maana yake asali, na akakubali kwamba A haihesabiwi kuwa amekosa. Na kijana mmoja wa kanisa lile, fundi cherehani, akasema yeye atawafuata msimu mzima, awasomee Neno jioni na kuwafundisha watoto kusoma. Mke wake alimtazama kwanza, halafu akasema na yeye anakwenda.

Wamekwisha kwenda. Habari tuliyoipata kwa dereva wa pikipiki ni kwamba wako ndani, mwendo wa siku mbili kutoka barabarani, wazima, na kwamba Biblia yao imeanza kuota ukungu. Tunaomba mfuko wa plastiki mgumu wenye kufungwa vizuri, Agano Jipya moja la akiba, daftari na kalamu za risasi kwa watoto, na viatu vya mpira vya mvua: namba 42 kwa mume, 38 kwa mke. Anayeweza kutoa alete ofisini kwa redio kabla ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Dereva anaondoka siku hiyo, na barabara ikiwa salama atafika Jumamosi.